"Watch" Lilikuwa Neno la Wakeshaji

Mzungumzaji wa Kiingereza wa leo akitamka "watch", mara nyingi macho yake yapo kazini. Anatazama mpira, anamtazama mtoto asije akakimbilia barabarani, anatazama televisheni, na mkononi amevaa saa inayoitwa kwa neno hilohilo, ambayo nayo huitupia jicho kila mara. Ndiyo maana walimu wengi wa Kiingereza katika shule zetu huliweka neno hili fungu moja na "see" na "look", kisha humweleza mwanafunzi kwamba moja ni kuona, jingine ni kuelekeza macho, na hili la tatu ni kuyaelekeza kwa muda mrefu. Maelezo hayo yanatosha kwa mtihani. Kwa historia hayatoshi, kwa sababu yanaficha jambo la msingi: neno hili halikuanzia machoni. Lilianzia kwenye usingizi, au tuseme kwenye kuukataa usingizi. Hoja ninayoitetea ni kwamba kwa karne nyingi "watch" lilitaja hasa wajibu wa kukesha, mara nyingi ili wengine walale, na kwamba jicho lilikuja kulitawala pale wajibu huo ulipotoka mikononi mwa majirani wa kawaida ukageuzwa kodi, kisha ajira, kisha usimamizi wa mezani. Maana ilihama kwa sababu kazi yenyewe ilihama.

Kuhusu mizizi hakuna ubishi mkubwa. Kiingereza cha Kale kilikuwa na kitenzi "wæccan", ndugu wa kile kilichozaa "wake", yaani kuamka, na vyote viwili vina undugu wa mbali na neno la Kilatini "vigil", mtu asiyelala. Hata "wait", ambalo leo ni kusubiri, limetoka ukoo huo likapitia Kifaransa cha kaskazini. Zamani lilikuwa na maana ya kuvizia. Lakini ushahidi ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili umo katika Biblia. Katika tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James, Yesu anawakuta wanafunzi wake wamelala katika bustani ya Gethsemane, naye anawauliza iwapo hawakuweza kufanya jambo hilo pamoja naye walau saa moja, na neno lililotumika ni "watch". Kijana wa London akilisoma leo atajiuliza walitakiwa watazame nini gizani. Mswahili haimsumbui, kwa kuwa tafsiri zetu zimeandika kukesha, na kukesha ndiko kunakotajwa katika Kigiriki cha Injili. Watafsiri wa 1611 hawakuwa wamekosea hata chembe. Kwa wasomaji wao, "watch" bila kutaja kitu kinachotazamwa lilikuwa kutolala, basi.

Mifano ya namna hiyo ni mingi mno katika Kiingereza cha enzi ile. Katika tamthilia ya Hamlet, Polonius anapowaeleza mfalme na malkia jinsi ugonjwa wa kijana Hamlet ulivyopanda ngazi kwa ngazi, anaanza na huzuni, anapita kwenye kutokula, kisha anafika kwenye "watch", na hapo anakusudia kwamba kijana alipotewa na usingizi. Wafugaji wa vipanga nao walikuwa na msemo wao wa kazi. Walipomkamata ndege mwitu na kutaka amzoee binadamu, walimzuia asilale usiku baada ya usiku mpaka akachoka, akasalimu amri na kukubali kukaa mkononi. Kumfanyia hivyo kuliitwa "ku-watch" kipanga. Shakespeare aliutumia msemo huo katika The Taming of the Shrew, pale Petruchio anapopanga kumvunja mkewe nguvu kwa kumnyima usingizi. Mfano huu una uzito wa pekee, maana hapa kitenzi kina mtendwa, kipanga, na msomaji wa sasa angeapa kwamba maana yake ni kumtazama ndege. Sivyo. Ni kumkeshesha. Mwanahistoria wa Marekani Roger Ekirch, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu usiku wa zamani, ameonyesha kwamba watu wa Ulaya kabla ya taa za kisasa mara nyingi walilala kwa mapande mawili, na kwamba ile nafasi ya katikati, mtu anapoamka usiku wa manane, akasali au akazungumza na mwenziwe kitandani, haikuwa na jina jingine katika Kiingereza ila hili la "watch". Na saa je? Hapo ndipo wengi huona jicho limeshinda, kwa kuwa saa ya mkononi huonekana imeitwa hivyo kwa kutazamwa. Rekodi zinasema vingine. Kufikia katikati ya karne ya 15 neno hilo lilitaja saa ya kuamshia, chombo kilichopiga kengele ili mwenyewe asipitiwe na usingizi; maana ya saa ndogo ya kubeba ilifuata katika karne ya 16. Saa iliitwa hivyo kwa sababu iliamsha.

Neno hili lilipata uzito wa sheria mwaka 1285, Mfalme Edward I alipotoa sheria ya Winchester. Inafaa kuisoma kwa utulivu, kwa sababu inaonyesha kukesha kukiwa deni la kila jamii. Milango ya miji mikubwa ilipaswa kufungwa tangu jua linapozama hadi linapochomoza. Kuanzia sikukuu ya Kupaa kwa Bwana hadi ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba, yaani katika miezi ya joto ambapo watu husafiri na wezi hutembea, kila mji mkubwa ulitakiwa kuweka watu sita katika kila lango, mji wa wastani watu 12, na kijiji watu sita au wanne kulingana na wingi wa wakazi, wakeshe usiku kucha. Mgeni aliyepita usiku alizuiwa mpaka asubuhi. Akikaidi, walinzi walipiga yowe na wakazi wakamfuata kutoka kijiji hadi kijiji. Wanaume wa miaka 15 hadi 60 walilazimika kuwa na silaha nyumbani kwa kadiri ya mali yao. Sheria hiyohiyo iliagiza vichaka na mitaro viondolewe futi 200 kila upande wa njia kuu zilizounganisha miji ya masoko, asiwepo mtu wa kujificha. Miti mikubwa peke yake ndiyo iliyosamehewa. Amri hiyo ya vichaka ndiyo inayohusu kuona waziwazi. Kazi ya watu wa langoni ilikuwa kitu kingine: kuwapo pale, mwenye mali na mwenye viatu vilivyotoboka, saa ambazo kila kiungo cha mwili kinaomba kulala. Waliokesha hawakuwa askari. Walikuwa waoka mikate, washona viatu na wakulima, ambao kesho yake walikuwa na kazi zao.

Atatokea mtu aseme kwamba ninatenganisha visivyotengana. Mlinzi hukesha ili aone. Bila macho, kukesha kwake kuna faida gani? Tena Kiswahili chenyewe, ataongeza, husema mtu "yu macho" kwa maana kwamba hajalala, kwa hiyo macho na kukesha ni kitu kimoja tangu hapo. Pingamizi hilo lina nguvu, na kipengele chake cha pili kinajijibu chenyewe: kipofu naye husemwa yu macho akiwa hajalala, wala hakuna anayeona ajabu. Kuhusu kipengele cha kwanza, tukumbuke usiku wa karne ya 13 au ya 16 ulikuwaje. Pasipo mbalamwezi, mlinzi aliona hatua chache mbele ya fanusi yake, na fanusi ilimwonyesha yeye kwa mhalifu kabla haijamwonyesha mhalifu. Chombo chake kikuu kilikuwa sikio, na silaha yake ya kwanza ilikuwa koo. Ndiyo sababu walinzi walikuwa na neno la siri la kutambuana, "watchword", neno la kusikiwa kwa kuwa sura haikuonekana. Ndiyo sababu wapiga zumari wa miji ya Kiingereza walioitwa "waits" walikuwa na asili yao katika walinzi wa usiku waliopuliza ala zao kuujulisha mji kwamba kuna mtu hajalala. Na Shakespeare, aliyewajua walinzi wa mtaani kwake vizuri, ametuachia picha yao katika Much Ado About Nothing, iliyochapishwa mwaka 1600. Mkuu wao Dogberry anawapa maelekezo ya kipuuzi, mmoja wao anasema afadhali kulala kuliko kupiga soga, naye Dogberry anamsifu. Watazamaji hucheka. Lakini ni walinzi hao hao wanaofichua hila ambayo wakubwa wote wa mji, wenye akili na elimu, wameshindwa kuigundua, na wanaifichua kwa kusikia: wanamsikia mhalifu akijisimulia gizani. Hawakuona kitu. Walikuwapo, hawakulala, basi ukweli ukawafikia.

Baharini lugha imehifadhi tofauti hii kwa usafi zaidi. Siku ya meli ya Kiingereza iligawanywa katika zamu za saa nne nne, isipokuwa zile mbili za jioni, saa 10 hadi saa 12 na saa 12 hadi saa 2 usiku, zilizokatwa nusu ili jumla iwe saba na watu wasirudie zamu zilezile kila siku. Saa ya mchanga ilipinduliwa kila nusu saa na kengele ikapigwa, mpaka mapigo manane yalipomaliza zamu. Zamu iliitwa "watch", na kundi la mabaharia wa zamu hiyo liliitwa vivyo hivyo. Kundi lililokuwa chini likikoroma liliitwa nalo "watch", ile ya chini. Neno la macho lingewezaje kutaja watu waliolala? Linaweza tu likiwa neno la kupokezana kukesha. Na mtu aliyepewa kazi ya kutazama hasa alikuwa na jina lake jingine, "lookout". Usiku wa Aprili 14, 1912, katika meli ya Titanic, Frederick Fleet na Reginald Lee walipanda kwenye kitundu cha mlingotini saa 4 usiku kwa lindo la saa mbili. Hawakuwa na darubini. Saa 5:40 Fleet alipiga kengele mara tatu na kuinua simu kuwaambia maofisa kwamba kuna mlima wa barafu mbele. Baadaye, mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, alieleza kwamba kwa darubini wangeuona mapema kidogo. Kasoro iliyozungumzwa pale ilikuwa ya kuona, na ilimhusu "lookout". Kuhusu kukesha, Fleet na Lee walikuwa wamelitimiza lao.

Iwapo kuna mahali ambapo maana mbili za neno hili zilikutana chumba kimoja, ni Manningtree, mji mdogo katika jimbo la Essex, mwaka 1645. England ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, mahakama zimelegea, na mtu mmoja aitwaye Matthew Hopkins akishirikiana na John Stearne alianza kuwasaka wachawi. Mshtakiwa wao wa kwanza alikuwa Elizabeth Clarke, bibi mzee, maskini, mwenye mguu mmoja. Aliwekwa chumbani chini ya uangalizi, akanyimwa usingizi usiku kadhaa mfululizo, na njia hiyo ikaitwa "watching". Ukiuliza ilikuwa na maana gani, jibu ni mawili. Yeye alikesheshwa, kama kipanga, hadi akavunjika. Na waliokaa naye walikesha wakisubiri kuona mashetani ambayo wachawi walidaiwa kuyafuga kwa umbo la wanyama. Nao waliapa kwamba waliyaona yakiingia, mmoja kama mbwa, mwingine kama sungura mweusi. Clarke alikiri, akawataja wengine, na Julai mwaka huohuo akanyongwa Chelmsford. John Lowes, kasisi mzee wa Brandeston, alifanyiwa hivyohivyo naye akauawa. Hopkins aliitetea njia hiyo katika kijitabu cha mwaka 1647. Nasimama hapa kwa sababu ni hapa ndipo neno linapoanza kutisha. Katika sheria ya Winchester mtu alikesha ili jirani yake apate kulala. Katika chumba cha Manningtree watu walikesha ili jirani yao asilale, na macho yao yakawa juu yake, yakimtafutia kosa. Wajibu wa kulinda umegeuka uwezo wa kuchunguza, na neno halikubadilika hata herufi.

Hata hivyo, kilichobadilisha neno kwa Waingereza wengi hakikuwa tukio moja la kikatili. Kilikuwa mwendo wa polepole wa fedha. Kadiri London ilivyotajirika, mwenye nyumba aliyefikiwa na zamu yake ya ulinzi aliona heri amlipe mtu asimame badala yake, na aliyekubali malipo hayo madogo mara nyingi alikuwa mzee asiye na kazi nyingine. Mwaka 1735 parokia mbili tajiri za Westminster, ya Mtakatifu James na ya Mtakatifu George, zilipata sheria za Bunge za kutoza kodi ya ulinzi na kuajiri walinzi wa kudumu. Mwaka 1737 jiji la London lenyewe likafuata. Wajibu wa mwili ukawa wajibu wa mfuko. Mwenye nyumba aliyekuwa akisimama langoni sasa alilipa shilingi, akafunga mlango, akalala. Walinzi hao walipewa jina la utani la "Charlies", wakawa na vibanda vya kusimamia, fimbo, fanusi, na chombo cha mbao kilichozungushwa kwa mkono kikatoa mlio mkali wa kukwaruza, wa kuitia msaada. Kila saa walizunguka wakitangaza ni saa ngapi na hali ya hewa ikoje. Hata hapo kazi ilikuwa bado ya sauti: raia kitandani hakumwona mlinzi, alimsikia, na kusikia huko ndiko kulikomwambia kwamba yupo anayekesha kwa niaba yake. Vijana wa matajiri walijifurahisha kwa kuangusha vibanda vyao na wazee ndani, na wachoraji wa vikatuni wakawafanya kichekesho cha mji. Dhihaka hiyo ilikuwa ya kikatili na haikuwa ya haki. Mwanahistoria Elaine Reynolds, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1998, amebainisha kwamba ulinzi wa parokia ulikuwa bora kuliko sifa yake, na kwamba polisi waliofuata walirithi mengi kutoka kwake, zikiwemo njia maalumu za doria.

Polisi hao waliingia mitaani Septemba 29, 1829, chini ya sheria iliyosukumwa na Robert Peel. Kufikia wakati huo taa za gesi zilikuwa zimekwisha kuenea. Barabara ya Pall Mall iliwashwa kwa maonyesho mwaka 1807, na kampuni ya kwanza ya gesi ilipewa hati ya kifalme mwaka 1812. Usiku uliweza kuonekana sasa, na polisi mwenye sare ya buluu aliwekwa aonekane naye, kwa imani kwamba mhalifu akimwona ataacha. Kwa ushahidi wangu, lakini, mwaka ulio mzito kuliko 1829 ni 1835. Bunge lilirekebisha serikali za miji, na kwa sheria hiyo moja mambo mawili yakatokea. Wale wapiga zumari wa miji, "waits", wakafikia mwisho wao rasmi. Na kila mji ukatakiwa kuunda kamati ya madiwani ya kusimamia polisi, iliyoitwa "Watch Committee". Kamati hizo ziliendelea hadi sheria ya polisi ya mwaka 1964. Madiwani hao walikuwa wafanyabiashara na mawakili waliokutana mchana, wakapitia hesabu, wakaajiri na kufukuza, kisha wakaenda makwao kulala. Hakuna aliyewatarajia wakeshe. Jina la wakeshaji lilikuwa limekabidhiwa wasimamizi, na kukesha kwenyewe kukaachiwa konstebo ambaye jina lake lilikuwa jingine. Tangu hapo, Mwingereza wa kawaida hakuwa na sababu tena katika maisha yake ya kutumia "watch" kwa maana ya kukesha, ila awe baharini, kanisani au kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mtaalamu wa lugha atanikabili kwa tarehe. Maana ya kutazama kwa makini, atasema, ilikwisha kuwapo kabla ya Shakespeare, karne nyingi kabla ya gesi na Peel. Basi polisi na kodi zinaingiaje? Tarehe zake ni sahihi. Lakini kuwapo kwa maana mpya si sawa na kufa kwa maana ya zamani. Mwaka 1611 zote mbili ziliishi pamoja, na tafsiri ya Biblia ingeweza kutegemea ile ya kukesha bila kuifafanua. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini ile ya zamani ilikauka wakati mpya inastawi, na jibu la kwamba maneno hubadilika tu yenyewe si jibu. Maneno hubadilika mikononi mwa watu wanaoyatumia, kwa kazi wanazozifanya. Tena mwendo huu haukuwa wa Kiingereza pekee. Kifaransa kina "veiller", kukesha, kilichotokana na Kilatini "vigilare", na kutoka hapo kikazaa "surveillance", neno ambalo dunia nzima leo inalijua kwa maana ya serikali na kamera kufuatilia watu. Lugha mbili, matawi mawili tofauti, na zote zimetoka kwa mkeshaji zikafika kwa mchunguzi. Kiswahili kimekwenda kinyume: kuangalia ni kutumia macho, na kutoka hapo tumepata uangalifu na mwangalizi, maneno ya kujali. Sidai kwamba sisi ni wema zaidi kwa hilo. Nadai tu kwamba njia ya neno si ya lazima, na kwa hiyo inastahili kuulizwa.

Atakayesema kwamba asili ya neno haiwafungi wanaolitumia leo, naye nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Hakuna mtu wa Manchester anayefikiria lango la Winchester anapotazama mpira. Hata hivyo sarufi yake inakumbuka asichokikumbuka yeye. Muulize kama anaweza "ku-watch" picha iliyotundikwa ukutani: atakataa, picha hutazamwa kwa "look". Kitu kisichobadilika hakipokei kitenzi hiki, ila pawe na tumaini au hofu kwamba kitabadilika, kama chungu kinachongojwa kichemke. Sharti hilo la muda na la kungojea halikutoka kwenye jicho, maana jicho humaliza kazi yake mara moja. Limetoka kwa mtu wa langoni aliyengoja kuche. Na mwaka 1982 wanakijiji wa Mollington, Cheshire, walipoanzisha mpango wa kwanza wa Uingereza wa majirani kulindana, wakiiga Marekani, waliuita "Neighbourhood Watch". Walichokirudisha, wakijua au wasijue, kilikuwa kile ambacho parokia za Westminster zilikuwa zimekinunua mwaka 1735.

Mahali ambapo maana ya zamani haikuhitaji kufufuliwa, kwa kuwa haikufa, ni kanisani. Wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, karibu na Bristol, walikuwa wamezoea kumalizia Jumamosi usiku kilabuni wakinywa. Waliofuata mahubiri ya John Wesley walianza kuutumia usiku huo kwa sala, na kuanzia mwaka 1740 ibada hizo za "watch-night" zikaenea kwa Wamethodisti. Wamoravia wa Herrnhut, Ujerumani, walikuwa tayari wakikesha hivyo kuupokea mwaka mpya. Ni kanisa hilohilo ambalo lilifika Rungwe, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1891, na mkesha wa Desemba 31 leo hauhitaji maelezo kwa Mkristo yeyote wa Afrika Mashariki. Lakini usiku uliolijaza neno kuliko mwingine wowote ni wa Desemba 31, 1862. Tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilikuwa lianze kazi kesho yake, na Wamarekani Weusi, walio huru na walio bado minyororoni, walikusanyika makanisani kukesha. Siku iliyofuata ilipita bila hakika. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alikuwa Boston katika ukumbi wa Tremont Temple pamoja na umati mkubwa, na msururu wa watu wa kupokezana ujumbe ulipangwa kutoka ofisi ya telegrafu hadi jukwaani. Jioni ikaingia usiku, wasemaji wakaishiwa maneno, na bado hakuna habari. Palikuwa hapana kitu cha kutazama. Tangazo lingekuja kwa waya, kisha kwa mdomo. Usiku ulipokuwa umekwenda sana, mtu akaingia mbio akisema linakuja, lipo kwenye waya. Ukumbi ulilipuka kwa vilio na nyimbo, na muda wao wa kuutumia ulipokwisha walihamia kanisa la Twelfth Baptist, wakaendelea kukesha huko hadi karibu na alfajiri.